Nchi ya Mrima Ina Wenyewe

Wageni wanaoshuka kwenye basi hapa Bagamoyo huniuliza maswali yale yale. Livingstone alilazwa wapi? Stanley aliondokea ufuko gani? Watumwa walifungiwa chumba kipi? Mjerumani alinyongea watu wapi? Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia, na jioni natembeza wageni ili kuisaidia pensheni, kwa hiyo majibu ninayo na ninayatoa. Lakini hebu yatazame maswali yenyewe. Yote yanahusu watu waliokuwa wanapita. Mji wetu umeandikwa na kila aliyeupita mbio akielekea kwingine, na sisi tuliokuwa tumekaa vibarazani tumeandikwa kama minazi: ipo, inapendeza, haina la kusema.

Nina neno moja tu la kuwaambia wageni hao, na leo nalileta kwenu wasomaji. Hapa palikuwa na nchi. Ndogo, nyembamba, lakini nchi, yenye wakuu wake, kodi zake, mikataba yake na majirani, na adabu ambazo mgeni akizikosea alilipishwa.

Babu yangu hakujiita Mtanganyika, maana jina la Tanganyika lilipewa nchi mwaka 1920, Mwingereza alipokwisha kuichukua kwa Mjerumani, na yeye alikuwa mtu mzima tayari. Alijiita Mmrima. Ukitaka kuipima nchi yake, anzia kaskazini upande wa Vanga, teremka Tanga, Pangani, Mkwaja na Saadani, vuka mdomo wa Wami, pita Winde, ingia Bagamoyo na Kaole, kisha Mbweni na Kunduchi, uendelee kusini hadi unapokaribia Rufiji. Hiyo ndiyo Mrima, pwani inayotazamana na Unguja na Pemba. Kwa upana haikuwa kitu. Ukiondoka ufukweni alfajiri ukaelekea machweo ya jua, jioni ulilala kwa Wakwere, Wadoe, Wazigua au Wazaramo, na hapo umekwisha kuwa mgeni wa watu wengine.

Mji wake mkongwe upande huu wetu ni Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya Bagamoyo. Ipo misikiti miwili iliyobomoka, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu zilizosimama juu ya maiti kama mtu anayelinda lango. Mwaka 1958 Neville Chittick, mchimbuaji wa mambo ya kale, ndiye aliyeyafukua magofu hayo kutoka msituni. Kwenye nguzo zile wazee walipachika bakuli za kauri za China, na Kunduchi utaona makaburi ya namna hiyo hiyo. Watoto wa shule hudhani kwamba Mchina aliwahi kukaa Kaole. Hakuhitaji kukaa. Bakuli lilipokezanwa kutoka China hadi India, India hadi Ghuba, kisha likaja na pepo za kaskazi kwenye jahazi, na mtu wa Kaole akaona linafaa kumtangaza marehemu wake kuliko kulia wali. Mtu anayezika mali namna hiyo si mtu wa njaa, na wala si mtu asiyejua dunia.

Baadaye mikoko ikaizonga bandari ya Kaole, mchanga ukajaa, na shughuli zikasogea Bagamoyo polepole. Richard Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 bado waliondokea Kaole. Miaka mitatu baadaye Speke aliporudi na Grant, safari ilianzia Bagamoyo.

Sasa nije kwa wenyewe.

Wakubwa wa mji huu walikuwa Washomvi. Masimulizi yao yanasema asili yao ni Barawa, mji ambao leo uko Somalia, na kwamba walishuka pwani hii wakiishi kwa chumvi, samaki na biashara. Chumvi ya Bagamoyo bado inavunwa Nunge kwa kuyatega maji ya bahari na kuyaachia jua, kwa hiyo kazi ya mababu haijafa. Mkuu wa mji aliitwa jumbe, wengine wakisema diwani, na hakuwa mmoja. Mji mmoja ungeweza kuwa na majumbe kadhaa, kila mmoja na mtaa wake na ukoo wake. Chini yao walikuwapo shaha, waziri, amiri na mwinyi mkuu. Vyeo hivi havikutoka Unguja wala Maskati. Vilitolewa hapa hapa, na havikutolewa bure. Anayetaka kutawazwa alilisha mji. Alichinja, akapika, akaita ngoma, akawapa wakubwa wenzake ada zao mmoja mmoja, na kama karamu ilikuwa na mkono mzito watu waliisema kwa nyimbo mpaka mwaka wa pili. Nimeona wanasiasa wa siku hizi wakigawa vitenge na ubwabwa wakati wa kampeni, na wasomi wakiandika kwamba ni ufisadi mpya uliotoka nje. Upya wake siuoni. Tofauti ni kwamba jumbe alilisha akiwa anatumia mali yake.

Kulikuwa pia na cheo cha akida, mkuu wa vijana, aliyewaongoza kwenye ngoma na kwenye vita, na mara nyingi vitu hivyo viwili vilikaa jirani. Mjerumani alipoingia alilichukua jina hilo akawapachika watumishi wake wa mshahara waliokusanya kodi vijijini. Ndiyo maana ukienda kusini, kule kulikopigwa vita vya Maji Maji mwaka 1905, neno akida ni tusi. Kwetu lilikuwa sifa ya kijana anayejua kucheza na kuthubutu.

Jumbe alikuwa na heshima mjini, lakini mashamba na njia zilikuwa mikononi mwa wengine, naye alilijua hilo. Inasimuliwa kwamba Wakamba waliwahi kuivamia pwani hii, Washomvi wakazidiwa, wakamwomba msaada mkuu wa Wazaramo aliyeitwa Pazi. Pazi akaja na watu wake, Wakamba wakatimuliwa. Tangu hapo Washomvi wakawa na deni la kudumu: kila mwaka walitoa ada iliyojulikana kama kanda la Pazi. Yaani watu wa mji wenye kanzu na misikiti ya mawe walikuwa wakiwalipa watu wa porini ili walale usingizi. Waarabu walipokuja waliikuta hesabu hiyo imekwisha kukaa.

Na kulikuwa na utani. Msomaji wa bara anaujua utani kama mzaha wa msibani: Mnyamwezi anafika kwa Mzaramo aliyefiwa, anajifunga sanda, anakataa jeneza lisiondoke mpaka alipwe. Kwa wazee wetu huo ulikuwa mkataba kati ya nchi na nchi. Mtu ukiwa mtani wangu huwezi kuniua wala kuninyang'anya kwa nguvu, unaweza kuninyang'anya kwa mzaha tu, nami ni wajibu wangu kukuzika ukifia kwangu. Fikiria faida yake kwenye njia ambayo maelfu ya Wanyamwezi walishuka kila mwaka hadi pwani, wakapita katikati ya Uzaramo wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Bila utani hakuna msafara. Balozi wa kuandikiana barua hakuwapo, lakini mtani alikuwapo katika kila kijiji.

Sultani wa Unguja tunamkuta hapa karne ya 19, Sayyid Said alipokwisha kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Alimweka liwali Bagamoyo, akamwekea askari wa Kibuluchi, na forodha akaikodisha kwa kampuni ya Kihindi ya Jairam Shivji. Kwenye ramani za Wazungu, kuanzia hapo pwani inapakwa rangi ya Sultani. Ukweli wa mtaani ulikuwa mwingine. Liwali alikaa, bendera nyekundu ikapepea, lakini majumbe waliendelea kupokea fungu lao katika kila pembe iliyofika mjini, na liwali aliyetaka amani aliwashirikisha. Saadani, kaskazini ya Wami, Bwana Heri bin Juma alikuwa mwenyewe kwa mwenyewe. Sultani alimhitaji zaidi kuliko yeye alivyomhitaji Sultani.

Msimu wa misafara mji ulikuwa ukifurika. Wanyamwezi walishuka kiangazi baada ya kuvuna kwao, wakapiga kambi chini ya miembe na minazi, wakasubiri mizigo ya kurudi nayo. Pagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, kama kilo 32, pamoja na mkeka wake na sufuria. Mbele alitangulia kirangozi, amejipamba manyoya na joho jekundu, na barghumu ikilia nyuma yake. Kwenda hadi Tabora ilikuwa miezi mitatu mambo yakienda vizuri, na Ujiji ni mbele zaidi. Walichobeba kwenda bara kilikuwa shuka za merikani zilizofumwa Massachusetts, kaniki za India, shanga na nyaya za shaba. Walichorudi nacho kilikuwa pembe, na pembe zile zikaenda kuwa vitufe vya piano huko Connecticut. Sandarusi iliyochimbwa na Wazaramo ikaenda kuwa vanishi ya makochi na mabehewa ya Wazungu. Kuna sebule za Marekani zilizong'aa kwa jasho la Uzaramo, na wenye sebule wala hawakujua Uzaramo uko wapi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wa kutembeza wageni hawapendi nilitie. Mgeni akija tunamwonyesha minyororo, tunamwambia kwamba kila pembe ilifika hapa kichwani mwa mtumwa aliyefungwa shingo. Machozi yanamtoka, anatoa bakshishi. Watumwa walikuwapo, walipita hapa, waliteseka hapa, na wengine walivushwa kwenda Unguja usiku hata baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 wa kuzuia kuwasafirisha baharini. Lakini bandari kubwa ya watumwa ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilikuwa hasa mji wa pembe, na wabebaji wake wengi walikuwa watu huru wa Unyamwezi waliopatana ujira na posho, waliogoma wakipunjwa, na waliojisifu kwao kwamba wameiona bahari. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Kumfanya mtu huyo mtumwa kwa sababu tu hadithi inapendeza ni kumwonea mara ya pili.

Na upande wa pili wa jambo hilo hilo: sisi wa pwani hatukuwa watazamaji. Majumbe walikuwa na watumwa. Mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Familia nyingi za mji huu, ikiwemo ya kwangu, zina bwana na mtumwa katika mti mmoja wa ukoo, na ndiyo sababu tukiulizana kabila jibu huwa fupi.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuja mwaka 1868, wakajenga misheni kaskazini ya mji, wakanunua na kupokea watumwa, wakawapa mashamba na mafundisho. Njia yao ya miembe ingalipo na kivuli chake ni kizuri. Livingstone alifika hapo Februari 1874, amekauka, amefungwa kwenye gome la mti na turubai, akiwa maiti iliyobebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Alilala usiku mmoja, akavuka Unguja. Mimi huwa natumia muda mrefu zaidi kumweleza mgeni habari za padri Charles Sacleux, aliyeishi hapa na Unguja miaka mingi akiuliza watu majina ya samaki, majani na vyombo, na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa mwaka 1939 na 1941. Wageni hukunja uso. Hawajaja kutazama kamusi.

Nchi yetu ilivunjwa kati ya mwaka 1888 na 1890. Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na Agosti 1888 maofisa wa kampuni wakateremka kwenye miji wakidai forodha, hati za mashamba, na bendera yao ipandishwe. Pangani, ofisa wao Zelewski aliingia msikitini na mbwa. Bagamoyo, wakaikata milingoti ya bendera ya Sultani. Majumbe hawakuulizwa neno. Watu wanaosema kwamba vita iliyofuata ilikuwa ya Waarabu kutetea biashara ya watumwa, kama alivyotangaza Bismarck ili apate fedha bungeni, wanasahau nani alikuwa na cha kupoteza: jumbe anayepokea ada, Mzaramo anayeuza sandarusi, pagazi aliyezoea kupatana bei mwenyewe. Tarehe 22 Septemba 1888 mji ukiwa umejaa watu wa msafara, nyumba ya kampuni ikashambuliwa, manowari Leipzig ikateremsha askari, na watu wakafa ufukweni kwa wingi. Mji ukahamwa. Maelfu wakakimbilia misheni, maana mapadri walikuwa wakisikilizana na pande zote mbili.

Bushiri bin Salim wa Pangani, kiongozi wa vita hiyo, akajenga boma lake Nzole, karibu na mji. Mei 1889 Hermann Wissmann alifika na askari wa Kisudani aliowaajiri Misri na Washangani kutoka Msumbiji, akalivunja boma kwa mizinga. Bushiri akatoroka bara, akasalitiwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Bwana Heri alivumilia mpaka Aprili 1890. Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4 kwa pwani ambayo, kwa hesabu ya majumbe, haikuwa yake kuiuza.

Mjerumani alianza kutawala akiwa Bagamoyo, lakini mwaka 1891 akahamishia makao Dar es Salaam. Sababu ni maji. Ufuko wetu ni wa kina kifupi, jahazi linajilaza lenyewe kwenye mchanga maji yakitoka na abiria anashuka kwa miguu, lakini meli ya moshi inakaa mbali huko kama mtu asiyealikwa. Dar es Salaam ina hori lenye kina. Reli ikaanza kujengwa huko mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na pagazi akawa hana kazi. Njia ya miezi ikawa ya siku.

Mwaka huo huo wa 1914, upande wa pili wa dunia, mfereji wa Panama ulifunguliwa. Panama ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, nyembamba kama yetu, na kama sisi inajulikana kwa watu waliopita. Wahispania walivusha fedha ya Peru juu ya migongo ya nyumbu, mwaka 1855 ikaja reli ya wachimba dhahabu, kisha mfereji. Wenyeji wake, Waguna wa visiwani na wajukuu wa watumwa waliotoroka msituni, wanapata ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu. Lakini Panama waliachiwa njia yao. Mwisho wa mwaka 1999 Marekani ikawakabidhi mfereji, na ushuru wanakusanya wenyewe. Sisi njia ilihama ikatuacha na magofu. Mwaka 2013 ulitiwa saini mpango na Wachina wa kujenga bandari kubwa Mbegani, kilomita chache kutoka Kaole, na bei ya viwanja ikapanda kabla hata ya koleo kugusa mchanga. Mwaka 2019 mazungumzo yakasimama. Vijana wangu wa darasani wamezeeka wakisubiri ajira za bandari hiyo.

Mtu niliyemwacha kwa makusudi ndiye ninayempenda kuliko wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, hapa hapa, miaka ya 1860 ikielekea mwisho. Alisoma dini, alifundisha, aliwafanyia kazi Wajerumani, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki. Huko akaandika desturi za kwao, kwa Kiswahili, akiwa na wenzake wachache: mtoto anavyozaliwa na kupewa jina, jando na unyago, posa na harusi, jumbe anavyotawazwa, watani wanavyofanyiana, mganga, msafara, deni, mazishi. Carl Velten alikichapisha kitabu mwaka 1903, na jina la Velten ndilo likakaa kwenye jalada. Watafiti wengi walioandika juu ya Waswahili wa karne ya 19 wamechota humo.

Nimekisoma mara nyingi kwa ubishi. Kwenye mambo ya unyago, nyanya yangu, aliyekuwa kungwi, angemcheka: mwanamume asimulie nini alichokisikia ukutani? Lakini kwenye mambo ya majumbe, ya ada na ya kugombea ukubwa, anaandika kama mtu aliyekaa jamvini akahesabu sahani. Hapambi. Anasema nani alilipwa nini, na asipolipwa ilikuwaje. Hakuna kitabu kingine kinachonionyesha kwamba hapa palikuwa na dola, hata kama ilikuwa ya kutosha kulishwa kwa ng'ombe wachache.

Alivyotendewa ni jambo la aibu. Wanafunzi wake wa Kijerumani, waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala, hawakutaka kumwamkia mwalimu Mwafrika. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, na mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani. Serikali ikakataa wasiteremke, kwa sababu mwanamke Mzungu hawezi kuishi na mume Mwafrika mbele ya macho ya watawaliwa. Mtu aliyeiandika nchi hii akaiona pwani yake kutoka kwenye meli, akarudishwa. Alifundisha kidogo Hamburg, akatoa mihadhara ya kuzunguka, akafia Berlin mwaka 1927. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1981, kwa kazi ya J.W.T. Allen.

Mwaka huo huo Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, kile ambacho sasa ni TaSUBa. Serikali ilileta hapa wapiga ngoma wa nchi nzima. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alihamia akaishi na zeze lake na marimba yake mpaka alipofariki mwaka 2003, na watoto wa Magomeni na Dunda wakakua wakiimba Kigogo. Sina ugomvi na hilo. Mji huu ulikuwa ukipokea ngoma za bara tangu enzi za kambi za mapagazi. Ninachowaomba walimu wa chuo ni kwamba wanafunzi wanapofundishwa ngoma za pwani wasipewe hatua tupu, waambiwe pia nani alikuwa akimlisha nani.

Ubwana wa mji, ule wa kulisha, ulihamia mahali ambapo majumbe wasingeota. Mtoto mmoja wa Manyema, mashariki ya Kongo, aliletwa pwani akiwa mtumwa, akanunuliwa na Amir bin Suleiman al-Lamki, liwali. Akaitwa Yahya bin Abdallah, na watu wakamjua kwa jina la Ramiya. Alisomeshwa, akauza samaki, akaweka akiba, akanunua mashamba ya minazi, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Washomvi wenye nasaba ya Barawa wakajikuta wanambusu mkono mtu aliyefika hapa bila hata jina la baba yake. Alifariki mwaka 1931, akamwachia kazi mwanawe Muhammad, aliyekuja kuiunga mkono TANU. Maulidi na ziara ya Bagamoyo bado huleta watu kwa mabasi kutoka Tabora, Kigoma, Tanga na Unguja, yaani kwenye njia ile ile ya misafara.

Mimi kazi yangu siku hizo ni jikoni, upande wa wali wa nazi. Wapishi wa mtaa huu hawakubaliani kamwe juu ya chumvi. Na kila mara hutokea mtani wa Kinyamwezi, mzee mwenye kofia ya kiua, anakuja kukamata mwiko wa sufuria kubwa, anasema sisi Wamrima ni wachoyo na hatauachia mpaka apewe nyama ya paja. Huwa tunapatana kwa mbavu.